Tasa wa Ukurasa wa Hamsini na Nane

Ujanani nilikuwa naokota mikato. Watu hucheka nikiwaambia hivyo, lakini ndiyo kazi iliyonilisha. Nilikuwa msoma prufu katika kiwanda cha uchapaji, enzi zile kitabu kilipangwa kwa herufi moja moja za risasi. Mkato ukipotea, mimi ndiye niliyeurudisha, ukizidi, niliuondoa. Ndiyo maana pale kiwandani hakuna aliyekumbuka jina nililopewa na wazazi wangu. Kuanzia mlinzi hadi Meneja, wote waliniita Bi Mkato, nami nililipenda jina hilo kwa sababu nililipata kwa jasho langu.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Mpanga chapa alisimama mbele ya sanduku lake lenye vyumba vidogo vidogo, akadokoa herufi na kuzipanga mpaka ukurasa ukatimia. Akapaka wino, akachapa karatasi moja ya majaribio, hiyo ndiyo prufu, akanipandishia ghorofani. Nikailinganisha na hati ya mwandishi. Makosa yakiisha niliandika pembeni "Ni sawa," nikatia sahihi, na prufu hiyo ikatundikwa kwenye msumari kando ya mtambo. Hapo mimi nilikuwa nimemaliza. Kilichobaki kilikuwa cha fundi mtambo.

Mpanga chapa wetu tulimwita Kinyume. Herufi za risasi husomeka kinyumenyume, kama kwenye kioo, na bwana yule alikuwa amezisoma hivyo miaka ishirini na sita, hata mabango ya barabarani akawa anayaanzia kulia. Fundi mtambo tulimwita Gia. Huyu alikuwa kaka wa mke wa Meneja, na kila asubuhi aliingia kazini kwa mwendo wa mtu anayekuja kukagua mali ya dada yake. Akikuamkia alikuamkia huku anatazama pembeni.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimerudishwa kwetu. Miaka tisa ya ndoa bila mtoto, mama mkwe akasema amechoka kungoja, mume akainamisha kichwa, nikafungashiwa virago. Sikuwa na ugomvi na Mungu. Nilikuwa na ugomvi na neno. Tasa. Walilisema dukani, walilisema kwenye foleni ya maji wakidhani sisikii. Nikarudi kwa mama yangu, fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache, na kazi ile ya prufu ndiyo iliyoniinua kichwa. Pale mezani kwangu hakuna aliyeniuliza nina wangapi. Waliniuliza, "Bi Mkato, hii ni sawa?" na mpaka niseme ni sawa, mtambo haukunguruma. Kwa hiyo mtu akitaka kuninyang'anya kazi ile, asidhani alikuwa ananinyang'anya mshahara peke yake.

Mwaka huo tulipata kitabu cha hesabu cha darasa la sita. Mwandishi wake alikuwa Profesa mstaafu, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Nilikuwa naisoma prufu yake taratibu, nikafika ukurasa wa hamsini na nane, na pale juu nikakuta kichwa cha habari: NAMBA TASA.

Neno hilo nililisoma shuleni kama kila mtu, ila nilikuwa sijakutana nalo kwenye karatasi tangu nirudishwe. Profesa alieleza kwamba namba tasa ni ile isiyogawanyika kwa namba nyingine yoyote ikaisha bila baki, isipokuwa kwa moja na kwa yenyewe. Halafu akatoa mfano, kwa tarakimu kubwa katikati ya ukurasa:

2,147,483,647

"Hii ni namba tasa," aliandika. "Chukua moja, iongeze maradufu mara thelathini na moja, kisha ondoa moja. Hakuna kigawo kitakachoipasua. Mwanafunzi atakayekipata aniletee, nami nitampa baiskeli yangu."

Singeweza kuipita hivi hivi. Nikageuza karatasi chakavu, nikaanza: moja, mbili, nne, nane, kumi na sita. Mara ya kumi nikapata elfu moja na ishirini na nne. Mara ya ishirini, milioni moja na ushei. Mara ya thelathini na moja nikapata 2,147,483,648. Sasa hiyo ni namba yenye ukoo! Unaikata nusu, unaikata tena nusu, na tena, mpaka mkono unachoka. Ondoa moja tu, na ukoo wote unatoweka. Hakuna awezaye kuigawa. Nikakaa nikiitazama. Kule mtaani neno lile lilisemwa kama kasoro. Hapa Profesa alilisema kwa kujivuna, kama mtu anayemtambulisha kwa wageni binti yake aliyefaulu. Sioni haya kusema kwamba machozi yalinilengalenga, pale pale juu ya prufu.

Nilikuwa na desturi moja. Kila namba kubwa niliyoisoma nilizijumlisha tarakimu zake, nikatoa tisa tisa, na baki nikaliandika kwenye daftari langu. Ni hila ya zamani ya kunasa makosa. Tarakimu za namba hii zilifika arobaini na sita. Ukitoa tisa tisa, inabaki moja. Nikaandika: ukurasa 58, baki 1. Nikatia sahihi prufu.

Wiki mbili baadaye, Alhamisi saa tatu asubuhi, Profesa akaingia kiwandani bila kubisha hodi. Mkononi alishika karatasi tulizompelekea jana yake azione kabla hazijajalidiwa. Sauti yake niliisikia nikiwa juu. Nikateremka ngazi nikakuta wote wamekusanyika kando ya mtambo: Meneja, Gia, Kinyume, na wajalidi wawili wenye gundi vidoleni.

"Nani alisoma ukurasa huu?" Profesa aliuliza.

"Mimi, Profesa. Shikamoo."

"Marahaba," akajibu kwa ukali, maana hata hasira ina adabu zake. "Mjukuu wangu ana miaka kumi na mmoja. Jana jioni nina wageni sebuleni, kaja na karatasi hii. 'Babu, namba yako imezaa.' Nikamwambia, mwanangu, haiwezekani. Akaniambia, 'Jaribu saba.' Nikajaribu saba, mbele ya wageni! Haikubaki hata chembe. Miaka arobaini nafundisha hesabu, leo naaibishwa na saba!"

Nikaichukua ile karatasi. Nikavuta penseli sikioni, nikagawa nikiwa nimesimama. Saba kwenye ishirini na moja, tatu. Nne haifiki, sifuri. Nikashuka nayo hadi mwisho: 306,783,421, baki hakuna. Kweli imezaa, nikasema moyoni. Nikazijumlisha tarakimu zake: arobaini na tisa. Ukitoa tisa tisa inabaki nne, si moja. Ndipo macho yangu yakaiona. Namba iliyochapwa ilikuwa 2,147,483,947.

"Profesa, hapa pana tisa," nikasema. "Palikuwa na sita."

"Najua palikuwa na sita! Niliandika sita!"

Meneja akaleta hati. Kweli, Profesa aliandika sita, imara, yenye tumbo. Wote wakamgeukia Kinyume.

"Mimi nilipanga sita," Kinyume akasema.

Gia alikuwa anajifuta mikono kwa tambara. "Mimi nachapa ninacholetewa," akasema. "Mzee macho yamechoka, kadokoa tisa. Na Bi Mkato kaipitisha. Si kuna prufu yenye sahihi yake? Tuitazame basi."

Meneja akaenda kwenye msumari. Akazipekua prufu moja moja. Hamsini na sita ilikuwepo. Hamsini na saba ilikuwepo. Iliyofuata ilikuwa hamsini na tisa.

"Aha," Gia akasema. "Mwenye kosa ndiye mwenye haja ya kuificha."

Nilipanda ngazi mbili mbili nikaleta daftari langu, nikawaonyesha: ukurasa 58, baki 1. Nikaeleza kwamba kama ningesoma tisa, baki lingekuwa nne. Profesa akatikisa kichwa kukubali hesabu. Lakini Meneja hakuwa mtu wa hesabu.

"Daftari lako," akasema, "mkono wako, kalamu yako. Shahidi wako ni wewe mwenyewe?"

Hapo ndipo Gia akaniangushia tusi lake. Alilisema kwa sauti ya mzaha, ili akiulizwa aseme nilikuwa natania. "Profesa, na wewe nawe. Habari za tasa umempa tasa azisome, ulitegemea nini? Kaihurumia mwenzake, kaitafutia mtoto."

Mjalidi mmoja akacheka, kisha akaona hakuna mwenzake anayecheka, akakohoa. Mimi nikalifunga daftari langu. Mahali pekee duniani ambapo neno lile lilikuwa halijanifuata, limenifuata.

Meneja akatoa hukumu. Karatasi za ukurasa ule zilikuwa elfu kumi, rundo zima limesimama pale juu ya toroli. Hazifai tena. Saa nane kamili zingepelekwa kwenye kisu kikubwa cha mashine ya kukatia karatasi zikatwe vipande vya kufungia vifurushi. "Na kwa hasara hii lazima mtu awajibike," akasema. "Sahihi ya kupitisha ukurasa ni yako, Bi Mkato. Barua yako itakuwa tayari hiyo saa nane."

Barua yenyewe aliipiga taipu papo hapo, kwa vidole viwili. Nilipopita kuchukua mkoba wangu saa ya chakula, ilikuwa juu ya meza yake bado haina sahihi, naye hayupo. Nikaisoma. Niseme nini, ni ugonjwa. Neno "uzembe" aliliandika "uzembee," na kulikuwa na mkato mahali pa nukta. Nikatoa kalamu nyekundu nikavisahihisha vyote viwili, kisha nikaenda zangu nyumbani.

Mama alikuwa kwenye cherehani na lundo la sare za shule. Nikamweleza yote, na lile tusi pia, maana mama yangu humfichi kitu. Hakuniambia pole. Alinisogezea chakula, akaendelea na kazi yake. Akafika mahali fulani akasimama, akaugeuza mshono, akaguna. Uzi ulikuwa umeruka. Akachukua wembe akaanza kufumua.

"Mama, sketi nzima hiyo unaifumua?" nikamuuliza, ili tuongee lolote lingine.

"Nzima ya nini? Mshono haukuanza vibaya. Nafumua mpaka nifike pale ulipokuwa mzima, nasimama."

Nikabaki na tonge mkononi.

Nisikilize vizuri hapa, maana ndipo palipogeukia. Karatasi elfu kumi hazichapwi kwa mara moja. Mtambo unazitema moja moja, kutwa nzima, na kila moja inalala juu ya mwenzake. Na sisi watu wa chapa tunajua ugonjwa mmoja wa mtambo: herufi ya risasi ikilegea, rola ya wino huinata na kuing'oa. Fundi husimamisha mtambo, huiokota, huirudisha kwenye shimo lake. Siku ya kuchapa ukurasa ule nilikuwa mezani kwangu juu, na mtambo ulinyamaza. Nilikumbuka kwa sababu ukimya ulinishtua. Nikadhani ni saa ya kutoka. Baada ya dakika chache ukanguruma tena.

Na sita ya risasi, ukiirudisha kichwa chini, inachapa nini?

"Unakwenda wapi, hujala!" mama akaniita.

"Nakwenda kufumua!"

Nilikimbia, mimi mwanamke mzima na mkoba wangu, viatu mkononi. Nilipoingia ilikuwa saa saba na dakika arobaini, na Gia ameshalisukuma toroli hadi mbele ya kisu. Ameshika mpini. Nikaenda nikaweka mikono yangu miwili juu ya rundo.

"Toa mikono," akasema. "Meneja kaagiza."

"Kaagiza saa nane. Sasa ni saa saba na dakika arobaini. Haraka hiyo ya nini, shemeji wa watu?"

"Nitakukata vidole."

"Kata. Halafu uwaeleze kwa nini."

Nikapaza sauti nikawaita wote. Meneja akatoka na barua mkononi, nikaona wino wangu mwekundu uking'aa. Profesa alikuwa bado hajaondoka. Aliapa hatoki kiwandani mpaka aone karatasi zile zimekatwa. Kinyume akaja polepole, tayari ameshavua aproni yake, kwa kuwa naye alidhani zamu yake ya kufukuzwa inafuata.

"Meneja," nikasema, "naomba dakika kumi. Rundo hili lilianzia chini. Karatasi ya chini kabisa ndiyo iliyochapwa kwanza. Nasema hiyo ina sita. Kama ina tisa, nipe barua yangu, nitaondoka bila neno."

Gia akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi kuliko cha asubuhi.

Wajalidi wakainua rundo kwa mafungu, wakaliweka sakafuni, mpaka wakafika chini. Nikaitoa karatasi ya mwisho. Sikuthubutu kuitazama. Nikampa Profesa. "Tusomee wewe," nikasema, "mimi shahidi wangu ni mimi mwenyewe."

Profesa akarekebisha miwani yake ya uzi. "Bilioni mbili," akasoma, "milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, na mia..." Akaisogeza karatasi karibu na uso. "Mia sita. Mia sita arobaini na saba! Ni sita, jamani! Ni yenyewe!"

Ila sikuwa nimemaliza, na Gia alilijua hilo kabla ya wengine. "Kwa hiyo?" akasema. "Karatasi moja. Labda ni prufu iliyodondokea humo."

"Haya," nikasema. "Tutafute sita zimeishia wapi."

"Kwenye karatasi elfu kumi?" Meneja akauliza. "Tutamaliza kesho kutwa."

"Tutamaliza kabla ya saa nane."

Ligawanyeni katikati, nikawaambia. Karatasi ya katikati ilikuwa na sita. Basi nusu yote ya chini ni nzima, iwekeni kando. Tukaigawa nusu ya juu katikati: tisa. Basi kilichoharibika kimeanza chini ya hapo. Tukagawa tena: tisa. Tukagawa tena, sita. Profesa aliona ninachofanya na akaanza kuruka kama mtoto. "Anakata nusu!" akapiga kelele. "Ile ile maradufu yangu, anairudisha nyuma! Mara kumi na nne tu, bwana Meneja, mara kumi na nne zinatosha elfu kumi!" Akaanza kuhesabu kwa sauti kila tulipogawa, na wajalidi wakahesabu naye, na mlinzi akaacha lango akaja kuhesabu. Mara ya tisa, sita. Mara ya kumi, tisa. Rundo lililokuwa limenifika kifuani likawa kitabu, kitabu kikawa daftari, daftari likawa karatasi chache ninazoweza kuzishika kama karata.

Mara ya kumi na tatu. Sita. Iliyofuata juu yake ilikuwa nzito kidogo. Zilikuwa mbili, zimegandana kwa wino uliokuwa haujakauka. Kinyume akazibandua kwa ukucha, taratibu, kwa mikono ile ya miaka ishirini na sita. Ya juu ilikuwa na tisa. Ya chini yake ilikuwa hivi:

2,147,483, 47

Pengo. Weupe mtupu mahali pa tarakimu. Rola imeing'oa herufi, na mtambo umeendelea kuchapa bila yake. Bila shaka karatasi nyingine zenye pengo Gia alizichomoa akazitupa. Hii moja ilimponyoka, na ya kwanza iliyochapwa baadaye ikajibandika juu yake.

Kinyume akaenda kwenye meza ya jiwe ilipolala fremu ya ukurasa ule, akalegeza kabari, akaikamata ile tarakimu kwa koleo ndogo na kuichomoa. Kila herufi ya risasi ina mfuo mdogo ubavuni, na zikiwa kwenye mstari mifuo yote hutazama upande mmoja. Akaiweka kiganjani mwa Meneja pamoja na jirani zake wawili. "Pitisha kidole," akasema. Meneja akapitisha. Mifuo miwili ilikuwa huku, mmoja kule.

"Mimi husoma kinyume," Kinyume akasema, "lakini sipangi herufi kichwa chini."

Meneja akamgeukia shemeji yake. Maneno yakamtoka Gia yote kwa pamoja: kwamba herufi ilidondoka, kwamba aliirudisha haraka kwa sababu Meneja alikuwa anadai kazi, kwamba aliona ni sita au tisa ni yale yale, kwamba aliposikia Profesa anaingia akifoka aliitoa ile prufu kwenye msumari akafutia wino. "Ni tarakimu moja tu," akasema. "Kati ya kumi!"

"Tarakimu moja," Profesa akamjibu, sasa akiwa mpole kabisa. "Unajua ili kuhakikisha namba hii ni tasa inabidi uijaribu kwa namba tasa ngapi? Zote mpaka zilizo juu ya elfu arobaini na sita. Ni karibu elfu tano. Wakubwa wa hesabu walizimaliza, hakuna iliyoigawa. Wewe umeigeuza sita yake tu, saba imeingia kama nyumbani kwake."

Ndipo nikalirudia lile tusi la asubuhi.

"Gia," nikasema, "asubuhi uliniita mwenzake. Nimekubali. Mimi na namba hii ni tasa. Maana yake hatugawanyiki. Wamejaribu elfu tano wakashindwa, na leo umejaribu wewe."

Mlinzi alianza kupiga makofi, sijui kwa nini yeye, labda kwa kuwa hakuwa na lolote mkononi. Wajalidi wakafuata na vidole vyao vya gundi. Kinyume akavaa aproni yake tena, akaifunga mafundo mawili. Nami nikacheka, jamani, nikacheka mpaka nikashika toroli nisianguke. Sikuwahi kufurahi vile hata siku ya arusi yangu, na arusi yangu ilikuwa nzuri.

Meneja akaichana barua. Akaomba radhi mbele ya wote, kwa tabu, lakini akaomba. Karatasi elfu sita na kitu zilikuwa nzima, kwa hiyo hasara ikawa ndogo kuliko alivyodhani, na hilo lilimlainisha. Akaniuliza nataka nini. Nadhani alitegemea nitasema Gia afukuzwe. Nikamwambia kumfukuza shemeji yako ni shauri lako na mke wako. Ninachotaka ni sheria moja: kuanzia leo, mtambo ukisimama kwa sababu yoyote ile, iwe herufi, iwe umeme, iwe fundi kaenda msalani, usiendelee na kazi mpaka karatasi ya kwanza baada ya hapo niisome mimi na niitie sahihi.

"Imeandikwa," Meneja akasema.

"Ikiandikwa niletee niisome," nikamwambia.

Profesa alipokuwa anaondoka nilimuuliza habari ya baiskeli, maana kama namba ni tasa kweli, mjukuu hakupata kigawo. Akasimama mlangoni akafikiri. "Aligawa kilichoandikwa, na akagawa sawasawa," akasema. "Ahadi ni deni. Nitatembea."

Jumatatu tukaanza kuchapa upya zile zilizoharibika. Kinyume aliipanga sita mwenyewe akaikaza. Mimi nilikuwa juu mezani kwangu, na mtambo ulinguruma chini vizuri tu mpaka saa tano, halafu ukanyamaza. Nikaweka kalamu chini nikasikiliza. Kulikuwa na maneno ya hapa na pale, karatasi ilikuwa imekwama, kisha nikasikia hatua kwenye ngazi. Miaka yote ile Gia hakuwahi kupanda ngazi zile. Akitaka kitu alikuwa anapiga ukelele kutoka chini.

Akatokea mlangoni na karatasi mbichi ameishika kwa ncha za vidole, wino haujakauka.

"Dada," akasema, "naomba unisomee."

Nikaipokea nikaitandaza juu ya meza. Nikaanza juu, kwenye kichwa cha habari, neno kwa neno, mkato kwa mkato. Nikafika katikati. Nikazijumlisha tarakimu: arobaini na sita, baki moja. Nikaigawa kwa saba, polepole, kwa mkono, yeye akiona, na saba ikabakiza moja. Gia alihama kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Chini mtambo mzima ulikuwa kimya, wajalidi kimya, Meneja kimya, kiwanda chote kinanisubiri mimi.

"Ni sawa?" akauliza.

"Subiri," nikamwambia. "Nasoma."